Bakuli Alilolikataa Gumato

Kulipopambazuka, mtaa mzima wa Chechelesi ulikuwa unajua kwamba Gumato binti Yattani amemkataa Jattani. Mama wa maziwa alijua, mwenye duka la kona alijua, hata vijana wanaopakia mbuzi kwenye malori walikuwa wakilijadili. Asiyejua alikuwa mmoja tu, na huyo ni Gumato mwenyewe.

Yeye, maskini, aliamka na raha zake. Alivaa dera lake la mazoezi, akajifunga ushungi, akavaa saa yake nyeusi ile ya kupima mapigo ya moyo na kuhesabu kalori, kisha akakaa kitandani kufunga kamba za raba huku akitabasamu peke yake. Na kwa nini asitabasamu? Jana wazee wa Jattani walikuwa sebuleni kwao. Walitoka Biliqo na vumbi lao, wakaja kuomba kile kile walichokiomba zamani, wakati Gumato na Jattani walikuwa ndio kwanza wamemaliza shule. Mara ile baba yake alisema hamwozi binti yake kwa kijana anayelala na ngamia. Jana baba huyo huyo amewachinjia mbuzi. Dunia hii!

Tabasamu liliishia jikoni.

"Ayo, umeamkaje? Kichwa kimepoa?"

Mama yake, Habibo, hakugeuka. Alikuwa anakoroga chai kwa nguvu mpaka inamwagika motoni.

"Ayo?"

"Unaenda wapi na hivyo viatu?"

"Si kutembea. Kagendo ananingoja kwa geti."

"Kutembea!" Habibo akageuka, na Gumato akaona macho ya mama yake yamevimba. "Umemkataa mtoto wa watu mbele ya shangazi yake. Baba yako jana amekaa msikitini mpaka wamemzimia taa. Halafu wewe unaenda kutembea? Una moyo wa aina gani?"

"Nimemkataa nani?"

"Usinifanye mjinga, Gumato."

"Wallahi, Ayo, nimemkataa nani?"

Habibo akamtazama. Mama anamjua mtoto wake, na alichokiona usoni kilimfanya aweke mwiko chini.

"Shangazi yake Jattani, yule Wato, hakukuletea bakuli chumbani?"

"Aliniletea."

"La nini?"

"La buna."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia asante shangazi, nimeshiba."

"Basi," mama yake akasema, akajitupa kwenye kigoda. "Hapo ndipo ulipomkataa."

Hebu tuelewane hapa, maana hata mimi nilipohadithiwa nilishika kichwa. Buna ni zile punje za kahawa zinazokaangwa na maganda yake ndani ya samli mpaka zinapasuka, kisha zinamiminiwa maziwa. Kwa kina Gumato, buna ni ukarimu tu. Mgeni akija anapewa, akitaka anakula, asipotaka anashukuru. Lakini watu wa ukoo wa Jattani wana lao. Kwao, siku ya posa, msichana haulizwi kwa mdomo. Shangazi wa kijana anaingia chumbani kwake na bakuli, anamkabidhi, wala hasemi kitu. Msichana akila, amekubali. Akikataa, hakuna wa kumlaumu na hakuna wa kumuuliza sababu. Wageni wanamaliza chai yao, wanashukuru, wanaondoka, na kwa jambo hilo hawarudi nyumba hiyo tena. Ukiifikiria vizuri ni desturi ya heshima, inamwachia msichana neno la mwisho bila kumwaibisha mtu. Ila haikutungwa kwa ajili ya msichana anayehesabu kalori.

"Kwa nini hamkuniambia?" Gumato akalia.

"Tukuambie nini? Hata sisi tumeambiwa wakiwa mlangoni! Mzee Arero, mkubwa wao, ameshika mkono wa baba yako, akaeleza maana ya bakuli, akasema, 'Nyumba yako imeshiba, Yattani, tumeshukuru.' Nikajua umeamua. Nikasema mtoto ameachwa na mume mmoja, labda hataki mwingine. Nikasingizia kichwa, nikajifungia nilie." Akafuta uso na ncha ya leso. "Lakini wewe hukushiba! Mchana ulikula nini? Yai na majani! Kwa nini ulikataa buna?"

Mkono wa kulia wa Gumato ulikuwa umefunika saa iliyo kwenye mkono wa kushoto.

"Ni hiyo?" Habibo akauliza polepole. "Ni hiyo saa? Basi uolewe nayo, Gumato. Ikujengee nyumba, ikuzalie watoto."

---

Kagendo alikuwa getini akinyoosha misuli ya miguu. Huyu alikuwa karani katika ofisi za kaunti, mwanamke wa Meru, mnene wa wastani, mcheshi, na ndiye aliyemwanzishia Gumato haya mambo ya kutembea. Walikutana kliniki mwaka uliopita, wote wawili wameambiwa sukari inaanza kupanda, wapunguze uzito kabla mambo hayajaharibika. Tangu siku hiyo kila asubuhi walikuwa pamoja kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege, wakibishana.

Na ubishi wao ulikuwa mmoja tu: chakula ulichokichoma kwa kutembea, unakirudisha au hukirudishi?

"Unarudisha," Kagendo alikuwa anasema. "Si yote, maana hiyo saa inadanganya, inakupa sifa ambazo hukufanyia kazi. Rudisha nusu. Mwili si adui yako."

"Nikirudisha, sasa nimetembea ya nini?"

"Umetembea ya moyo na sukari! Kwani unatembea ndiyo ufe njaa?"

Gumato hakuwa anakubali. Alijipangia kiasi kidogo cha chakula kwa siku, na alichochoma kwa mazoezi hakukigusa. Jioni alikuwa anaiangalia ile namba kwenye saa, akihisi ushindi, akilala huku tumbo linanguruma. Kagendo alidhani ni ukaidi. Hakujua kuhusu yule mume wa Nairobi aliyewahi kusema mbele ya wageni, huku akicheka, kwamba mke wake akikalia kiti, kiti kinaomba msamaha. Mume ameshaenda zake. Lile neno lilibaki.

Halafu Jattani akarudi mjini, akaanza kuleta maziwa ya ngamia sokoni, wakaonana, wakasalimiana kwa aibu, wakaanza kupigiana simu. Kuanzia hapo Gumato alipunguza chakula zaidi. Alitaka siku ya posa awe yule msichana wa likizo za Kinna, kwa bibi yake. Yule mwembamba aliyewashinda wavulana wote mbio za kwenda mfereji.

Sasa alimweleza Kagendo yote pale getini, maneno yakigongana na kwikwi.

"Woi, Gumato!" Kagendo akashika kiuno. "Yaani uliliangalia hilo bakuli ukafanya hesabu?"

"Samli ilikuwa imejaa juu. Nilikuwa nimemaliza changu cha siku. Nikasema nikila haya, nitakuwa nimerudisha yote niliyotembea asubuhi."

"Na yeye shangazi akasema nini?"

"Hakusema. Aliinua bakuli, akafunga mtandio, akatoka. Nikadhani ana haraka."

"Umempigia Jattani?"

"Simu hashiki. Na wanaondoka leo, lori linapakia Bulapesa kwa huyo shangazi. Adhuhuri haiwakuti hapa."

Kagendo akamshika mkono. "Twende. Hapa mama yako anatuangalia dirishani. Tutaongea tukitembea, akili itafunguka."

Hawakufika mbali. Walipofika pale barabara inapovuka kalvati, lile daraja dogo la zege, mtu alikuwa ameketi ukingoni, fimbo magotini, kofia mkononi. Gumato alimjua kwa mabega. Mabega yale hata akiwa kizee atayajua.

"Mimi natangulia mbele," Kagendo akasema haraka. "Na nikitangulia, natangulia kweli. Sisikii kitu." Akaenda zake, ingawa kila baada ya hatua chache shingo ilikuwa inarudi nyuma.

---

"Salaam aleikum," Jattani akasema. Hakusimama.

"Wa aleikum salaam. Nimekupigia simu."

"Nimeona."

"Mbona hukushika?"

"Ningesema nini? Nilijua unapita hapa. Nimekuja kukuaga kwa mdomo, nisikuage kwa simu." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Sina ubaya na wewe, Gumato. Mtu ana haki yake. Ila ungeniambia mimi kwanza. Ungeniambia usiwalete wazee, ningewaacha. Mzee Arero ana magonjwa, amepanda lori siku nzima."

"Jattani, sikukukataa."

"Ulipewa bakuli?"

"Nilipewa, lakini sikujua!"

Hapo ndipo alipoinua macho. Wee! Macho ya Jattani yalikuwa ya taratibu tangu utotoni, lakini asubuhi hiyo yaliwaka.

"Hukujua? Mimi mwenyewe nilikuambia. Kinna, kwa shamba la bibi yako. Tumekaa kwa mfereji, miguu iko ndani ya maji, unakula mahindi yangu baada ya kumaliza yako. Nikakuambia, siku moja shangazi Wato atakuletea bakuli, usiulize kitu, wewe kula tu. Ukacheka mpaka ukapaliwa. Ukasema, 'Mimi? Nikatae chakula? Mwambie alete mbili.'"

Yote yalimrudia Gumato kwa pamoja: harufu ya mahindi mabichi yanayochomwa, moshi kwenye maziwa ya bibi, matope kati ya vidole vya miguu, na mvulana mwenye shati lisilo na vifungo anayemega hindi lake katikati na kumpa upande mkubwa. Kila likizo ilikuwa hivyo. Hakuna aliyehesabu kitu. Jua likizama bibi anawaita kwa sauti ya kukwaruza, nao wanajifanya hawasikii. Alikuwa ameisahau ahadi ile ya bakuli. Miaka ya Nairobi ilikuwa imeifunika.

"Nilisahau," akasema kwa sauti ndogo. "Wallahi nilisahau."

"Mimi sikusahau hata siku moja."

"Jattani..."

"Nilikuwa nachunga ngamia Biliqo, umeshaolewa, nakumbuka vile ulisema alete mbili. Nacheka peke yangu, wenzangu wanadhani jua limenipiga. Na jana niko nje kwa ua wenu, shangazi akatoka na bakuli limejaa vile vile. Unajua nilihisi nini?"

Gumato alitaka kumjibu, lakini barabara ilianza kuzunguka. Aliona kalvati linapanda, mbingu inashuka. Akajishika kwenye ukingo wa zege, akaketi kwa kishindo.

"Gumato! Nini?"

"Hakuna. Kizunguzungu tu. Kitapita."

"Umekula saa ngapi?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Jana mchana."

Jattani akaingiza mkono mfukoni, akatoa tende zilizofungwa kwa karatasi, akamnyooshea. Na hapo, jamani, mazoea mabaya! Kabla hajazipokea, macho ya Gumato yaliteremka kwenye saa.

Jattani aliona. Mkono wake ukarudi polepole.

"Una haraka?"

"Hapana."

"Umeangalia saa. Kama kuna mahali unaenda, nenda. Mimi nimeshaaga."

"Siangalii saa ngapi!" Gumato akapiga kelele, na sauti ikapasuka. "Naangalia kama naruhusiwa!"

"Unaruhusiwa nini?"

"Kula!"

Kule mbele Kagendo, ambaye hakuwa anasikia kitu, alisimama ghafla.

Basi Gumato akasema. Alisema yote, bila kupanga, pua ikichuruzika na ushungi umelegea. Alimwambia kuhusu kliniki na sukari. Alimwambia ile saa inahesabu alichochoma, na kwamba wenzake wanarudisha sehemu ya walichochoma, lakini yeye harudishi hata kidogo, kwa sababu kila asichokula anakihesabu kama amejifuta kipande. Alimwambia neno la kiti. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake.

"Nilitaka unikute vile uliniacha," akamalizia. "Yule wa mfereji. Huyu wa sasa nilikuwa namwonea haya."

Jattani akakwaruza lami kwa ncha ya fimbo.

"Sasa mimi niseme nini?" akasema. "Ngamia akitembea siku nzima, jioni..."

"Usinifananishe na ngamia!"

"Kwetu ni sifa."

"Kwenu! Hapa ni Isiolo mjini!"

Akajaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. Kilimtoka kile kile cha zamani, cha puani, na Gumato, pamoja na machozi yake, akajikuta naye anacheka. Wakacheka mpaka kikaisha chenyewe, wakabaki wanatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kwamba Jattani anamtazama usoni bila kuharakisha kuangalia pembeni.

"Angalia hii," akasema, akainua shuka kidogo juu ya kifundo. Mguu ulikuwa na kovu refu, umepinda. "Lori lilipinduka. Ile mbio ya mfereji sasa hata wewe na dera lako utanishinda. Na ndevu zimeingia mvi. Nilipokuona sokoni ile siku, nilisimama nyuma ya magunia kwanza, nijipange nisichechemee. Umesikia? Nimejificha, mtu mzima mimi. Nikasema, huyu anakumbuka kijana wa kukimbia."

"Mimi sikuona mguu."

"Na mimi sikuona hicho unachoficha. Nilikuona wewe." Akamwekea tende mkononi, akamfunga vidole juu yake, kisha akaondoa mkono haraka kwa heshima. "Tembea, Gumato. Daktari amesema tembea, tembea, hata mimi nitakusindikiza nikichechemea. Lakini yule niliyempenda pale Kinna alikuwa anakula mahindi yangu. Kama umemfukuza huyo ndiyo uje kwangu, basi sijui nimeposa nani."

Gumato akaweka tende mdomoni. Utamu ulimjaa mpaka masikioni. Alikula ya pili bila kuangalia chochote.

"Basi waambie wazee," akasema. "Waambie nilikosea. Warudi nyumbani leo, kabla ya lori."

Jattani akatikisa kichwa. "Hawarudi."

"Hata ukiwaeleza?"

"Niwaeleze nini? Kwamba umeshiba kwa sababu ya saa? Mzee Arero atasema nakulazimisha. Desturi imewekwa ndiyo mwanaume asirudi kumbembeleza msichana aliyekataa. Nikifungua mdomo, nimeivunja." Akainuka, akaegemea fimbo. "Nimekaa usiku kucha natafuta njia. Hakuna. Wangu hawawezi kuja kwako tena."

"Na mimi nikija kwao?"

"Wewe?"

"Mimi. Kwa miguu yangu."

Akamtazama kama hajamwelewa. "Mwanamke kwenda kwa wakwe siku ya pili ya posa? Sijawahi kuona."

"Imekatazwa?"

Akafikiria. Akafikiria tena. "Sijawahi kusikia imekatazwa," akasema polepole. "Labda hakuna aliyewahi kuthubutu. Gumato, watu watakusema. Mama yako..."

Lakini Gumato alikuwa ameshasimama. "Kagendo!" akaita. "Rudi! Najua unasikia!"

---

Njia ya kwenda Bulapesa ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka. Kila mlango ulikuwa na mtu, na kila mtu alijua. Walimwona anapita na raba, dera limejaa vumbi, na ushungi umekaa upande, wakaanza kunong'ona. Hata hao wasemaji wa mtaani leo walikosa la kusema kwa sauti. Jattani alikuwa amebaki nyuma kabisa, maana yeye kuonekana akiwa naye kungeharibu yote. Kagendo alikuwa kando yake, akihema.

"Ukifukuzwa?"

"Nifukuzwe nimesema."

"Haya. Mimi nitasimama kwa geti. Wakikurushia kitu, kimbilia upande wangu."

Ndani ya ua lori lilikuwa karibu kujaa. Magodoro yamefungwa, mitungi ya maji imepangwa, wazee wameketi kwenye mkeka wakingoja. Shangazi Wato alikuwa mlangoni, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, akiamrisha kila mtu. Alipomwona Gumato alinyamaza katikati ya neno. Wazee nao wakanyamaza. Kuku ndio waliobaki wakiongea.

"Salaam aleikum," Gumato akasema.

"Wa aleikum salaam." Wato alijibu kwa sababu salamu ni ya Mungu, si kwa kupenda. "Umepotea njia?"

"Hapana, shangazi."

"Baba yako amekutuma?"

"Hajui niko hapa."

Mzee Arero akakohoa. Wato akakunja mikono kifuani. "Sisi hatuna neno na nyumba yenu. Mlitukaribisha vizuri, tumeshukuru. Uliulizwa, ukajibu. Yamekwisha."

Gumato alihisi macho yote juu ya mwili wake, ule mwili aliokuwa anauficha. Alitamani kugeuka. Kisha akamfikiria Jattani amesimama nyuma ya magunia ya sokoni akijipanga asichechemee, na akapata moyo.

"Shangazi," akasema, na akasema kwa sauti, wazee wasikie. "Jana nilidanganya. Sikuwa nimeshiba. Nilikuwa na njaa jana, nina njaa leo. Nina njaa sana."

Wato alishuka ngazi moja, kisha nyingine, mpaka akawa mbele yake kabisa. Akamchunguza kuanzia ushungi hadi raba.

"Sasa kwa nini ulisema umeshiba?"

"Niliogopa kunenepa."

"Uliogopa nini?"

"Kunenepa, shangazi."

Wato akageuka akawaangalia wazee. Akajiangalia mwenyewe, kifua, tumbo, mikono yake minene yenye bangili. Akamrudia Gumato.

"Na hiyo ndiyo sababu? Hakuna mwanaume mwingine? Jattani hajakukosea?"

"Hakuna mwingine. Hajawahi kuwepo mwingine. Hata nilipoolewa."

Maneno hayo yalimtoka mbele ya wanaume wazima na hakuyajutia. Mzee Arero aliinamisha kichwa, akaanza kuhesabu tasbihi yake kwa kasi.

"Buna iko chini kabisa kwa lori," Wato akasema kwa ukali. "Bakuli limefungwa ndani ya godoro. Mimi siwezi kulifungua."

"Sijaomba buna. Chochote."

Wato akaingia ndani. Gumato akabaki amesimama juani, akijiuliza kama ndiyo amefukuzwa. Lakini mwanamke yule akatoka na sahani ya bati yenye mabaki ya asubuhi, mkate wa sufuria uliopoa na maharage, akamsukumia mkononi. "Kaa."

Gumato akakaa pale pale kwenye ngazi, akala. Alikula mbele ya wazee, mbele ya wapakiaji, na mbele ya Jattani aliyekuwa amefika getini na kusimama na Kagendo. Mkate ulikuwa mgumu na maharage yamekosa chumvi, na tangu shamba la bibi yake hakuwahi kula chakula kitamu namna ile. Alipofika nusu ya sahani akasita, akahisi tumbo limetulia.

"Nusu inanitosha, shangazi," akasema kwa hofu. "Si kukataa. Bado natembea asubuhi, daktari amesema. Nitakuwa narudisha nusu."

Wato hakuelewa hesabu hiyo na hakuiuliza. Alikuwa anamtazama Gumato kwa macho ambayo ghafla yalikuwa na maji.

"Mjinga wewe," akasema. "Nusu! Jana punje moja tu ingetosha."

Kisha akageukia lori, akavuta pumzi, na sauti yake ikajaa ua mzima.

"Nyinyi huko juu! Shusheni mizigo!"

Na Gumato, mdomo ukiwa bado umejaa mkate, akaanza kulia.